Mjue mhusika kabla hajafungua mdomo

Katuni nyingi za mazungumzo huharibika kabla mchoro wa kwanza haujachorwa. Dawa yake ni penseli, karatasi na maswali machache yasiyokwepeka.

Mpe kijana kompyuta yenye programu ya kutengeneza katuni, mpe na sauti ya watu wawili wanaozungumza kwa sekunde kumi hivi, kisha mwangalie. Ataanza na mdomo. Atasikiliza neno la kwanza achore midomo imefunguka, asikilize la pili achore midomo imefungwa, na atakesha akihakikisha kila silabi imekaa mahali pake. Asubuhi atakuwa na kichwa kinachotamka maneno sawasawa, lakini mtazamaji hataamini kwamba ndani yake kuna mtu.

Kosa la kijana huyu halimo katika midomo aliyoichora. Limo katika maswali ambayo hakujiuliza kabla ya kuketi: huyu anayezungumza ni nani, anamwambia nani, anataka nini, na anaficha nini? Bila majibu hayo, hata msanii mwenye mkono mwepesi hupata sanamu inayosema, basi.

Onyesho fupi la mazungumzo ndicho kipimo kikubwa cha ufundi huu. Mwanafunzi wa katuni huanza na mpira unaodunda, akaja kwenye mtu anayetembea, kisha akafika kwa watu wanaozungumza, na hapo ndipo studio inapotazama kama anafaa kuajiriwa. Filamu hupita kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Onyesho la sekunde 11 lina fremu 264, na hata kama kila mchoro utakaa fremu mbili, kama ilivyo desturi, bado kila mhusika anahitaji michoro 132. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Ni hasara kuzitumia wiki hizo kwa mtu usiyemjua.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kulitafakari jambo hili sasa. Zamani kikwazo kilikuwa vifaa. Leo Blender, Krita na OpenToonz ni programu kamili ambazo mtu anazipata bila kulipa hata senti, na simu ya kawaida inarekodi sauti inayotosha kwa mazoezi. Kilichobaki ni kufikiri, na kufikiri hakusubiri mfadhili.

Sauti hutangulia mchoro

Katika studio kubwa za Marekani na Uingereza, utaratibu wa kawaida ni kurekodi sauti kwanza na kuchora baadaye. Mwigizaji huleta pumzi, kusita, kicheko kilichomezwa na neno lililovutwa, vitu ambavyo mwandishi hakuviandika. Msanii anayeisikiliza rekodi hiyo kwa makini huanza kumwona mtu kabla ya kumchora.

Mfano mzuri ni filamu fupi ya Creature Comforts, aliyoitengeneza Nick Park mwaka 1989 katika studio ya Aardman mjini Bristol, Uingereza, na baadaye ikashinda tuzo ya Oscar. Sauti zake hazikutoka kwa waigizaji. Watu wa kawaida walihojiwa kuhusu maisha yao na makazi yao, kisha kila sauti ikatafutiwa mnyama wa udongo anayeishi katika bustani ya wanyama. Kijana mmoja kutoka Brazil alilalamikia ufinyu wa nafasi, hali ya hewa ya Uingereza na chakula, naye akapewa umbo la mnyama mkubwa wa jamii ya paka, aliyezoea nchi ya joto na sasa amefungiwa kizimbani. Mtazamaji anacheka, kisha anamhurumia. Uchaguzi wa mnyama ulifanya nusu ya kazi kabla mkono wa msanii haujaugusa udongo.

Jambo kama hilo lilitokea katika The Lion King, katuni ya Disney ya mwaka 1994. Msanii Andreas Deja, aliyesimamia uchoraji wa Scar, simba mwovu wa filamu hiyo, alimchunguza mwigizaji Jeremy Irons alivyokuwa akitamka maneno yake, akachukua kitu cha uso wake na namna yake ya kunyanyua nyusi akakitia katika simba. Ndiyo maana sauti ile ya maringo na uso ule mwembamba vinaonekana vimezaliwa pamoja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusikiliza huku umefumba macho, mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Andika maneno, lakini andika na yasiyo maneno: hapa amevuta pumzi, hapa sauti imepanda, hapa amekata ghafla, hapa amecheka kwa pua. Alama hizo ndizo zitakazokuambia mwili ufanye nini na wakati gani.

Fundi na mteja wake

Tuchukue onyesho moja la kwetu tulifanyie kazi. Mahali ni barazani kwa fundi cherehani, Tanga au Mombasa au Dar es Salaam. Dada mmoja anaingia.

“Shikamoo, fundi. Harusi ni kesho.”

“Marahaba, mwanangu. Usiwe na wasiwasi, bado vifungo tu.”

Maneno yameishia hapo. Aliyewahi kushonesha nguo ya sherehe anajua kinachofichwa: kitambaa kingali ndani ya mfuko uleule aliokuja nao mteja, na mkasi haujakigusa.

Sasa maswali. Fundi huyu ni nani? Tuseme ana miaka 58 na ameshona tangu ujana wake. Si tapeli. Ni mtu asiyeweza kumwambia mteja “sitaweza”, na Ramadhani ilipokwisha, msimu wa harusi ulipoanza, alipokea kazi nyingi kuliko mikono yake. Anataka dada huyu aondoke na moyo mtulivu, naye apate usiku mmoja wa kukesha na kuiokoa heshima yake. Uongo wake ni wa kubembeleza.

Jibu hilo moja linabadilisha kila kitu kitakachochorwa. Tapeli angemtazama dada machoni na kutabasamu bila shida. Fundi wetu hawezi. Atatafuta kazi ya kufanya kwa mikono, ataipanga chaki ambayo imekwisha kupangwa, atapandisha miwani ambayo haikushuka.

Na dada je? Ana miaka kama 30, ndiye dada wa bi harusi, na nyumbani wamemtuma yeye kwa sababu ndiye asiyeogopa kusema. Lakini amelelewa. Mbele ya mtu wa rika la baba yake hawezi kuanza na ugomvi. Lazima shikamoo itangulie. Hapo tumepata lulu ya onyesho zima: hasira inayopita katika tundu dogo la adabu. Namna atakavyoitamka shikamoo ile, kwa haraka, kidevu juu, macho yakiwa yameshafika kwenye mfuko ulio kona, itatueleza habari yake kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Maswali mengine yanafuata kwa kila mhusika. Dakika tano kabla ya kuingia hapa alikuwa wapi? Kati ya hawa wawili, nani mwenye nguvu mwanzoni, na nguvu hiyo inahama kwenye neno gani? Mwenzake akigeuka, uso wake utafanya nini? Msanii aandike majibu kwa sentensi fupi, akiyaamini kama anavyoamini habari za jirani yake. Mengi hayataonekana kwenye filamu, lakini mkono utayajua, na mkono unaojua hauchori kwa kubahatisha.

Umbo liseme kabla ya sauti

Baada ya kumjua mtu ndipo tunamtafutia umbo. Wachoraji wa katuni wana kipimo kimoja cha zamani: mpake mhusika wino mweusi mwili mzima, abaki kivuli kitupu. Kama bado unamtambua, na bado unajua anafanya nini, umbo lina nguvu. Kama amegeuka bonge jeusi, rudi mezani. Mtoto anayetazama televisheni ndogo iliyo upande wa pili wa sebule hatauona ushanga uliouchora sikioni, ila umbo ataliona.

Katika The Lion King, Mufasa ni mzito, mwenye kifua kipana na mistari iliyonyooka, wakati nduguye Scar ni mwembamba, mifupa ya mabega imechomoza, mwili unateleza kama anayejificha. Watoto wa lugha zote walijua nani wa kuogopwa hata kabla hawajaelewa mazungumzo. Fundi wetu naye atakuwa na mstari mmoja uliopinda, kuanzia kisogoni hadi kiunoni, kwa miaka ya kuinamia cherehani. Dada atakuwa mstari ulionyooka wima, mkoba umebanwa kwapani. Wakiwekwa pamoja kwenye fremu moja, mmoja anasimama juu ya mwingine, na ugomvi umeanza bila neno.

Lakini umbo peke yake halitoshi. Mwaka 1933 studio ya Disney ilitoa filamu fupi ya nguruwe watatu wadogo, Three Little Pigs. Nguruwe wale walifanana sura na mwili, wakatofautiana kidogo kwa mavazi. Kilichowatenganisha kilikuwa mwenendo: wawili wanaruka na kucheza ngoma kwa wepesi wa wasio na hofu, wa tatu anajenga kwa matofali na kutembea kwa uzito wa mwenye kazi. Wasanii wengi waliokuja baadaye waliihesabu filamu hiyo kuwa hatua kubwa, kwani ilionyesha kwamba tabia hukaa katika namna ya kutembea, kugeuka na kusimama.

Studio hiyohiyo ilikuwa na zoezi ambalo kila kijana anaweza kulifanya leo usiku. Wasanii wake Frank Thomas na Ollie Johnston walilieleza katika kitabu chao cha mwaka 1981, The Illusion of Life. Unachora gunia la unga lililojaa nusu, bila macho, mdomo wala mikono, kisha unalifanya liwe na furaha, lichoke, liogope, lione haya. Atakayeweza kulifanya gunia lionekane linajuta hatashindwa na fundi aliyedanganya. Ambaye hawezi, macho makubwa yenye machozi hayatamsaidia.

Kisha inakuja karatasi ya mhusika, ambayo ni kama mkataba wa msanii na nafsi yake. Humo fundi anachorwa kutoka mbele, ubavuni, nyuma na robo tatu. Urefu wake unapimwa kwa vichwa: tuseme yeye ni vichwa vitano na nusu, dada ni sita na nusu. Zinachorwa nyuso zake muhimu, tena zile tu ambazo onyesho linazihitaji: anayepokea salamu, anayetafuta jibu, anayebembeleza, anayesubiri kuona kama ameaminiwa. Mikono huchorwa pembeni kwa ukubwa, maana fundi huishi mikononi. Tepu ya kupimia ining'inie shingoni, na iamuliwe mapema ni upande upi mrefu, isije ikahama katikati ya sentensi.

Hapa pia ndipo pa kuhesabu gharama. Tunapenda kuwavisha wahusika wetu kanga na vitenge, na ni haki yetu. Ila anayechora kwa mkono ajue kwamba kila ua la kitenge atalirudia katika michoro 132, likipinda pamoja na goti na bega. Dada wetu anaweza kuvaa gauni la rangi moja na mtandio wenye pindo moja pana, na bado akawa mtu wa pwani bila shaka yoyote. Kubadilisha mkono wa gauni kwenye karatasi ya mhusika ni kazi ya kifutio. Kuubadilisha baada ya mchoro wa 132 ni kuanza upya.

Mwili wa mtu wa hapa

Tuna ushahidi kwamba sura ya kwetu inaweza kusimama mbele ya dunia. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alichora wanyama wakubwa wenye madoadoa kwa rangi za kung'aa juu ya ubao, na mtindo huo ukabaki na jina lake. Mwaka 2010 ukawa msingi wa Tinga Tinga Tales, katuni zilizotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa kwa watoto wa Uingereza na kwingineko. Dar es Salaam, shirika la Ubongo lilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, kisha likamleta Akili, mtoto wa kike wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2023 mkusanyiko wa filamu fupi kumi za Kiafrika uitwao Kizazi Moto ulitolewa na Disney, na miongoni mwake imo Enkai ya Mkenya Ng'endo Mukii.

Sura basi tunazo. Kinachosahaulika ni ishara. Waliotengeneza The Lion King walifika hadi Hell's Gate karibu na Naivasha kuangalia ardhi na mwanga, wakawapa wahusika majina ya Kiswahili kama Simba na Rafiki, lakini wahusika hao wanapozungumza, mabega yao, nyusi zao na mikono yao ni ya watu wa Magharibi. Hilo ni haki yao, walichora watu wanaowajua. Shida ni pale kijana wa Morogoro au Kisumu anapochukua ishara zilezile na kumvisha mama muuza maandazi, kwa kuwa amejifunza mwendo kutoka kwenye katuni na hajajifunza kutoka barazani kwao.

Tazama utajiri tulio nao. Mtu wa kwetu huonyesha mahali kwa kuchongoa midomo, bila kuinua kidole. Husonya, na kusonya kuna mwanzo wake, shavu linavutwa ndani na macho yanateleza pembeni kabla ya mlio kutoka. Mwenye huzuni hushika tama, na wazee humkemea mtoto anayekaa hivyo bila msiba. Kijana akimpa mzee kitu hutumia mkono wa kulia, na mara nyingi wa kushoto huushika mkono huo kwenye kiwiko. Akikemewa huinamisha macho, na kumtazama mkubwa usoni wakati huo ni ujeuri. Kuna “mh!” ya kushangaa, “mh!” ya kudharau na “mh!” ya kukubali kwa shingo upande, na kila moja ina kidevu chake. Mambo haya hayamo katika kitabu chochote cha Disney. Yamo katika daladala, sokoni, msibani na kwenye foleni ya zahanati, na kila mmoja wetu anaweza kuyaandika na kuyachora.

Kwa hiyo msanii wa onyesho letu aende kwa fundi wa mtaani kwake, aombe ruhusa, akae aangalie. Ataona kwamba fundi anayeulizwa swali gumu hujibu huku mguu unakanyaga. Hiyo ni zawadi isiyonunulika. Kwenye onyesho letu, dada akitamka neno “kesho”, mguu wa fundi uanze kukanyaga cherehani. Gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka kwa kasi, na chini yake hakuna kitambaa. Fundi anasema bado vifungo tu. Sindano inasema bado kila kitu. Dada anaiangalia sindano, kisha anamwangalia fundi. Atakayeliona hilo hatahitaji kuelezwa.

Kupanga kimya

Kabla ya kuchora mwendo, muda wote upangwe kwenye karatasi. Storibodi huonyesha picha kuu za onyesho moja baada ya nyingine, kwa michoro midogo ya haraka, mingi, ya kutupwa bila huruma. Wazo la kwanza la mkao mara nyingi ni lile alilolifikiria kila mtu; la nne au la tano huanza kuwa la mhusika huyu. Msanii asimame mbele ya kioo aigize mwenyewe, au ajirekodi kwa simu akiwa fundi, kisha akiwa dada. Asiinakili video hiyo mstari kwa mstari. Atafute humo kile ambacho mwili ulikifanya bila kuamriwa.

Kisha hesabu. Katika sekunde zetu 11, maneno yanachukua kama sita na nusu. Nne na nusu zilizobaki ni kimya, na mgawanyo wake ndio uigizaji wenyewe. Sekunde mbili za mwanzo dada anasimama mlangoni na kuuona mfuko. Nusu sekunde inafuata baada ya shikamoo, muda ambao adabu inamtaka asubiri marahaba, naye hasubiri. Sekunde moja na nusu fundi hana jibu, ndipo mguu unapoanza kukanyaga. Nusu sekunde ya mwisho wanatazamana. Anayeanza na mdomo huviona vipande hivi kuwa nafasi tupu, akavijaza kwa kutikisa vichwa. Anayemjua mhusika anaona hapo ndipo mtu anapofikiri, na mtu anayefikiri ndiye mtazamaji anayemwamini.

Kila uamuzi huu huandikwa kwenye karatasi ya fremu, yenye mstari kwa kila fremu: sauti upande mmoja, mkao upande wa pili, mdomo upande wa mwisho. Ukiitazama karatasi hiyo unaona filamu nzima kabla haijakuwapo.

Mdomo, sasa

Tukifika hapa ndipo mdomo unapata zamu yake, na Kiswahili kinatupa nafuu kubwa. Chati nyingi za midomo zinazotumika duniani zilichorwa kwa ajili ya Kiingereza; maarufu ni ya Mmarekani Preston Blair, aliyefanya kazi Disney na MGM. Lugha yetu ina irabu tano zilizo wazi, na silabi zake nyingi huishia kwenye irabu. Midomo saba hivi inatosha: iliyofungwa kwa m, b na p, ya a, ya e na i, ya o, ya u na w, meno juu ya mdomo kwa f na v, na ulimi unaoonekana kwa l, d, n na wenzake. Sauti kama k, g, h na ng' hufanyika ndani, hazionekani.

Jaribu na jibu la fundi. Midomo inafungwa mara nne tu: mwanzoni mwa “marahaba”, kwenye silabi yake ya mwisho, kwenye “mwanangu” na kwenye “bado”. Meno yanagusa mdomo mara mbili, zote ndani ya “vifungo”. Ukiyapata haya sita sawasawa, yaliyobaki ni kufungua na kufinya taya. Midomo iliyofungwa ikae angalau fremu mbili ili jicho liione, na kila umbo litangulie sauti kwa fremu moja au mbili. Chunga pia m inayosimama peke yake kama silabi, kama katika mtu, mke na mtoto: hiyo hufungwa kwa muda mrefu zaidi, na chati ya Kiingereza haitakukumbusha.

Mkazo wetu nao unajulikana, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kichwa kisitikiswe kwa kila mkazo. Chagua mmoja wenye maana. Kwa fundi ni “bado vifungo tu”, na huenda kichwa kikainama kidogo kwenye “tu”, kwa kuwa hapo ndipo uongo ulipo.

Zima sauti

Kazi ikikamilika, ipimwe kwa kuzima sauti. Mkalishe mtu asiyejua habari yake, mwonyeshe, umuulize nini kimetokea. Akisema, “Huyu mzee amemwahidi dada kitu, na hajakifanya,” umefaulu. Filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda Oscar ya katuni ndefu mwaka 2025 bila kuwa na neno hata moja la mazungumzo. Katika Snow White ya mwaka 1937, Dopey ndiye kibeti asiyesema kabisa, na watoto hawajawahi kumsahau. Mhusika asiyeeleweka akiwa kimya, maneno hayatamwokoa.

Walimu wa sanaa katika vyuo na shule zetu, tafadhali msiwaharakishe vijana kwenye kompyuta. Wapeni kwanza daftari na kazi ya kwenda kuchora watu: fundi, kinyozi, mama ntilie, mzee anayesubiri pensheni. Wenye televisheni na mashirika mnaoagiza katuni, lipieni wiki za kupanga kama mnavyolipia wiki za kuchora, maana ubora mnaoutaka unapatikana huko. Na wewe kijana unayeanza usiku wa leo, acha kompyuta kwanza. Chukua karatasi, andika jina la mhusika wako, na chini yake andika anachokitaka na anachokificha. Ukishindwa kuijaza mistari hiyo miwili, bado hujawa na mtu wa kumchora.